Mkwe Aliyejikuna Hadharani

Huku Migato wapo watu mpaka leo wanaosema Felisita aliponywa ukoma kwa maji ya baraka. Wanasema hivyo wamekaa, wameshiba, na hakuna anayewacheka. Mimi huwacheka. Hakuponywa ukoma kwa sababu hakuwa na ukoma, na maji aliyooga yalikuwa ya lambo kama ya kila mtu. Nilikuwapo. Mimi ni Wilhelmina, dada yake Luhaga, na Luhaga ndiye aliyemwoa, Mungu amsamehe.

Mwaka ule wa hamsini na tatu nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Lamadi, ambako nilikuwa nimeolewa na mvuvi anayeogopa maji. Yeye simsemi, hana la kusemwa. Nilifika nikamkuta mama yangu Salu anampokea mkwe kutoka Lalago. Felisita alikuwa mrefu, mkimya, amebatizwa, anajua katekisimu bila kugugumia. Mkononi alishika kibuyu kidogo cha siagi aliyopewa na mama yake mzazi. Tangu utotoni ngozi yake ilikuwa na ukaidi, hasa kwenye viwiko, nyuma ya magoti na juu ya viganja. Mama yake alikuwa ameshaujua ukaidi huo: asubuhi na jioni, ukishaoga, usingoje ukauke, jipake ngozi ingali na maji. Basi. Kwa utaratibu huo msichana alifika kwetu mikono ikiwa laini kuliko yangu.

Mama yangu alikifungua kibuyu, akanusa, akasema, "Kwetu siagi huliwa." Akakitundika jikoni, na wageni wa arusi wakaimaliza kwa siku nne. Felisita angeweza kusema ile ni dawa yake. Hakusema, maana alikuwa amelelewa vizuri, na kulelewa vizuri huko ndiko kulikotaka kumponza.

Nieleze kwetu kulelewa vizuri ni nini, maana vijana wa siku hizi wanaongea na baba mkwe kama wanaongea na kondakta. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni. Hapiti mbele yake. Akimsalimu hupiga magoti pembeni, uso chini, sauti ya kuisikia mwenyewe. Jina lake halitaji hata kwa bahati mbaya. Mbele yake hali, hapigi miayo, hachokonoi meno, wala hajikuni. Mwanamke anayejikuna mbele ya baba mkwe ni sawa na aliyevua nguo, na faini yake ni mbuzi.

Sasa baba yetu, Masunga, alikuwa na kigoda chake kwenye mlango wa zizi, na mlango wa zizi ulitazamana na mlango wa jiko. Pale alikaa tangu ng'ombe wanapotoka mpaka wanaporudi. Hakuwa na kazi nyingine. Alisema anawaza. Kwa miaka thelathini baba yangu aliwaza, na sijaona hata jambo moja lililotokana na kuwaza huko. Lakini kwa sababu yeye alikuwa anawaza pale, Felisita alipika, alitwanga, aliosha vyombo na kukamua maziwa kutwa nzima ngozi inamwaka moto, na hakuinua hata ukucha.

Alikuwa anajikuna, ndiyo. Alikuwa anakwenda nyuma ya kihenge na gunzi la hindi. Nilimwona mara nyingi. Amejibana kati ya kihenge na ua wa minyaa, amefumba macho, anajisugua kiwiko kwa gunzi mpaka damu, anahema. Na mimi mwenye akili nikawaza nini? Nikawaza, huyu mvivu, anakwepa palizi. Nikamsengenya kwa mama. Nalisema hili waziwazi ili asije mtu akadhani ninawadharau wengine nikajiacha mimi.

Mikono ilipoanza kupasuka, mama yangu akaanza kumtibu. Maskini mama. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba dawa isiyouma haifanyi kazi, na kwa imani hiyo alishamuua jogoo mmoja na kumpofusha mbwa. Alimwosha Felisita mikono kwa maji ya moto yenye magadi. Alimsugua kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia magunia. Ngozi ilipochubuka alipaka mrututu uliosagwa, yale mawe ya bluu yanayochoma, na Felisita akauma kitambaa asipige kelele, kwa kuwa baba mkwe alikuwa pale mlangoni, anawaza. Kila walipotibu, ngozi ilizidi. Ilipozidi, wakaongeza dawa. Ilikuwa hivyo miaka miwili.

Mwaka wa hamsini na sita mvua zilikatika mapema, upepo wa kiangazi ukaanza mwezi wa tano na vumbi lake, na pamba ilikuwa nyingi. Sote tulikuwa shambani kuanzia umande unapokauka. Maganda ya pamba yana ncha, ukichuma kutwa hata mkono mzima unachanika. Mikono ya Felisita ilifura, ikatoa maji, ikafanya magamba mpaka kwenye kiwiko, na ugonjwa ukapanda mpaka shingoni. Alikuwa ana mtoto wa miezi minane, Lukresia, ananyonya. Alikuwa anamfunga mgongoni kwa kitambaa akiwa anachuma, na vitambaa vingine viwili amejiviringishia mikononi.

Maneno yakaanzia lamboni, kwa wanawake. Mmoja alisema mabalanga. Wa pili akasema ukoma. Wa tatu akasema shangazi yake alianza hivyohivyo vidole vikadondoka, na shangazi huyo ninamjua, alikuwa na vidole vyote kumi na alivitumia kuiba mihogo. Zamani zile viberiti vilikuwa haba, na jiko letu halikuzima moto, kwa hiyo majirani walikuja asubuhi na vigae kuomba makaa, na Felisita ndiye aliyewagawia. Basi asubuhi moja hakuja mtu. Asubuhi ya pili nikawaona wanapita mbele ya ua wetu na vigae vyao, wanakwenda kwa jirani wa mbali, wakiangalia upande mwingine kama vile njia imehama. Kwetu kaya isiyoombwa moto imeshahukumiwa.

Na kaka yangu Luhaga, mwanamume, mcheza ngoma hodari, aliyejisifu kwamba amewahi kumfukuza fisi kwa fimbo, alifanya nini? Alihamishia ngozi yake ya kulalia kwenye nyumba ya ndama. Akamkatia mkewe kibuyu akasema, "Hili ndilo bakuli lako." Hakumtazama akisema. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini siku ile hata kuvuma hakuvuma.

Mwanangwa wetu wakati huo alikuwa Machibya, mkuu wa kijiji, mtu mwenye kofia nzuri. Alikuja na wazee watatu, wakaongea na baba zizini, wakatoka na uamuzi. Jumamosi lori la pamba lingepita kwenda upande wa ziwani, na Felisita angepandishwa juu ya magunia apelekwe kambi ya wakoma. Mtoto angebaki, maana mtoto ni wa ukoo. Angekunywa maziwa ya ng'ombe. Kilichobaki ni karatasi tu. Kambi haikupokea mtu bila karatasi ya dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati ya misheni, na dresa alikuwa anapita kwetu Alhamisi kwa baiskeli kufunga vidonda.

Jumatano tulikuwa lamboni mimi na Felisita, peke yetu, maana wengine walikuwa wanatungoja tuondoke ndipo wateke. Akatua mtungi, akafungua vitambaa, akaanza kujikuna mikono yote miwili, kwa kucha, kwa meno. Nikamwambia, "Wifi, unajichuna mwenyewe."

"Hili gonjwa linawasha," akasema. "Tangu nizaliwe linawasha. Kwetu mama alinikata kucha akanipaka siagi, likalala." Halafu akaniuliza, "Wifi, Lukresia hajawahi kunywa maziwa ya ng'ombe. Akiyakataa mtampa nini?"

Nikamjibu, "Mwombe Mungu." Hilo ndilo jibu la mtu asiyetaka kufanya kitu. Nikabeba mtungi wangu nikatangulia.

Alhamisi mchana watu walijaa kwa mwanangwa kama wamealikwa. Dresa aliitwa Januarius, mtu mfupi mwenye suruali ya kaki iliyokunjwa pindo za chini, na sanduku la bati kwenye baiskeli. Yeye alikuwa mtu pekee pale aliyenawa mikono. Wazee walikuwa kwenye vigoda, baba yangu katikati yao amejitanda mgolole. Mama yangu amempakata Lukresia. Felisita alipiga magoti pembeni, uso chini, mita nne kutoka kwa baba mkwe, na hapo kila kitu kiliharibika.

Januarius alichomoa unyoya wa kuku. Akasema kwa sauti wote tusikie, "Ukoma huua ngozi. Ngozi iliyokufa haisikii. Nitamgusa akiwa amefumba macho, kila nikimgusa aseme 'hapa'." Akamwambia Felisita, kwa heshima ya kumwita mama, "Umeelewa, mayu?" Felisita akaitikia kwa kichwa.

Akamgusa kiganjani. Kimya. Akamgusa kiwikoni. Kimya. Akamgusa shingoni, na mimi niliona bega lake limeruka, lakini mdomo haukufunguka. Angefunguaje? Kusema "hapa" kwa sauti ya kusikika, mbele ya baba mkwe, mbele ya wazee wa ukoo, mwanamke aliyelelewa Lalago? Miaka mitatu baba yangu hakuwahi kuisikia sauti yake. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa masikitiko makubwa, na masikitiko hayo yalikuwa yamewanogea.

Januarius hakuridhika. Akauliza, "Anajikuna?"

Baba yangu akakohoa. Ilikuwa nafasi yake, aliyeiwazia miaka thelathini. "Mimi nimekaa nikitazamana na jiko lake miaka mitatu," akasema. "Kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sijamwona akijikuna hata siku moja."

"Hata siku moja," Machibya akasema, ambaye hakuwa amekaa pale hata saa moja.

"Na mumewe?"

Luhaga akatazama vidole vya miguu yake. "Sijaona," akasema. Ni kweli hakuona. Mtu akilala na ndama ataona nini?

Januarius akashusha pumzi. "Ukoma hauwashi," akasema. "Kingekuwa kitu kingine kingewasha, mngemwona anajikuna." Akafungua sanduku akatoa karatasi na kalamu. Akauliza jina la baba yake mzazi, na mwanangwa akaanza kumtajia.

Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kilikuwa kinakuja juu ya lori siku ya Jumamosi, na aliyeficha hakuficha kwa hila. Aliwaheshimu. Watu hawa walimfundisha asijikune, wakamsifu kwa kutokujikuna, halafu wakalitoa hilo hilo kuwa ushahidi wa kumtenga na mtoto wake. Nikasikia hasira imenipanda mpaka masikioni, nusu yake ikiwa yangu mwenyewe.

Nikasimama. "Mimi nimemwona akijikuna."

"Kaa chini," baba akasema.

"Nimemwona tangu mwaka wa kwanza. Nyuma ya kihenge, kwa gunzi la hindi, mpaka damu."

Machibya akacheka. "Nyuma ya kihenge, mahali ambapo hakuna mtu. Shahidi mwenyewe mwanamke aliyemkimbia mume."

Watu wakacheka. Januarius hakucheka, lakini alisema, "Dada, siwezi kuandika ulichokiona wewe. Nikikosea, kijiji kizima kitakula naye bakuli moja." Akamgeukia Felisita, akachuchumaa. "Mayu, kama linawasha, jikune. Sasa hivi. Nione."

Uso wa Felisita ulikuwa chini, jasho linamtiririka kwenye ile ngozi iliyopasuka, na jasho juu ya ngozi kama ile ni pilipili. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa, amevikalia. Yule dresa akangoja, halafu akarudi kwenye karatasi yake.

Ndipo Lukresia akalia. Mama yangu alikuwa anajaribu kumnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kata, kama mazoezi ya Jumamosi, na mtoto ameyatema yote.

Felisita akasimama. Hakuinuka kutoka magotini taratibu kama mkwe. Alisimama. Akafungua kitambaa cha mkono wa kulia akakitupa, akafungua cha kushoto akakitupa. Akajikuna. Alianzia kwenye viganja akapanda mpaka viwikoni, akahamia shingoni, akajikuna nyuma ya magoti mbele ya wanaume wote wa Migato, kwa kucha kumi, bila haraka, na macho yake yamelegea kwa raha, raha ya miaka mitatu ikitoka kwa mpigo. Magamba yalianguka. Damu ikatoka. Wanawake wakafunika midomo. Baba yangu akavuta mgolole mpaka juu ya kichwa, akabaki kama gunia.

Felisita akaenda mpaka mbele yake. "Masunga," akasema. Alimtaja jina. Sauti ilikuwa nzito, hakuna aliyejua kwamba ana sauti nzito. "Masunga, fungua macho. Ulikuwa unanitazama miaka mitatu, nitazame na leo. Linawasha."

Baba hakufungua. Januarius alikuwa ameshaikunja karatasi, ameitia mfukoni.

"Ukurutu," akasema. "Hauambukizi. Hakuna atakayeupata kwa kula naye, wala kwa kulala naye." Hapo alimtazama Luhaga. Akafungua kopo dogo la marhamu nyeupe, akampaka pale pale mikono yote miwili kwa mikono yake mitupu, ili wajinga waone. Kisha akamwuliza mama yangu alimtibu kwa nini. Mama akataja magadi, akataja sabuni ya mche, akataja mrututu, na kila alipotaja kimoja yule bwana alizidi kufumba macho. Akasema vyote viachwe. Maji yawe ya uvuguvugu, ya kuoga upesi. Kucha fupi. Blanketi la sufu lisimguse, alale na shuka ya pamba. Siku za kuchuma apewe kazi ya kubeba, asichume. Na kopo likiisha, siagi mbichi isiyo na chumvi, iliyooshwa kwa maji safi, asubuhi na jioni, ngozi ingali na maji.

"Atapona?" mama akauliza.

"Hauponi. Unatunzwa. Utalala, siku utaamka, mtaulaza tena."

Ungedhani watu wangeona haya. Dresa hajafika hata kwenye njia panda, wazee wakaketi tena kwa shauri jipya. Mkwe amejikuna mbele ya baba mkwe. Mkwe amemtaja jina. Shauri la kumnyang'anya mama mtoto lilikuwa limechukua muda wa kuvuta kiko kimoja. Hili la kujikuna lilichukua mchana wote. Walitoa mifano ya enzi za babu zao. Mwishowe wakaamua mbuzi mmoja, beberu, aliwe siku ya Jumamosi, siku ile ile ya lori.

Luhaga alipewa kazi ya kulipa mbuzi, na kwa mara ya kwanza alifanya alichoambiwa. Lakini mbuzi wa faini hajipiki. Nani atapika? Mama alisema mkono unamuuma. Mimi nilisema sipiki. Felisita akasema atapika yeye.

Jumamosi mchana lori lilipita, nikalisikia likihangaika kwenye mchanga wa mto, likaenda zake na magunia ya pamba tu, bila mtu juu yake. Felisita alikuwa jikoni, kucha zimekatwa, mikono inang'aa siagi kutoka kibuyu chake, kilichojazwa na kutundikwa tena palepale. Alikata nyama kwa mikono hiyo, mikono ileile yenye magamba, mitupu. Aliiminya, akaiosha, akaichemsha, akasonga ugali wa mtama. Nilipotaka kumpa kata ya kupakulia alikataa. Akapakua kwa mkono, pande moja moja, akalipanga kwenye bakuli moja kubwa, akalipeleka mwenyewe mpaka kwa wazee.

Machibya alikuwapo na kofia yake. Wale wazee watatu walikuwapo. Luhaga alikuwapo. Wanawake wa lambo walikuja na watoto wao kungoja mabaki, na mmoja alikuwa amechukua na kigae chake cha moto, kwa kuwa amekuja, basi asirudi bure. Nilisimama mlangoni kuhesabu watakaokataa. Hakukataa hata mmoja. Wote walinyoosha mikono, wakamega, wakachovya, wakalamba vidole mpaka vifundoni.

Felisita alikaa kwenye kizingiti cha jiko, amenyoosha miguu, Lukresia ananyonya. Alikuwa akijikuna kiwiko polepole, anatazamana na mlango wa zizi. Baba yangu alimwona. Najua alimwona, kwa sababu aliacha kutafuna. Kisha akainua bakuli tupu kwa mikono miwili, akalielekeza upande wake, akasema, "Mkwe, niongezee mchuzi."